Nusu ya Chini

Turbo yenyewe iko juu ya rafu, ndani ya mfuko wa mkate,
konokono wa chuma aliyezibwa mdomo kwa tepu.
Na isubiri.
Kwanza chini. Kwanza kisichoonekana.

Kemi, Januari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na hita ya mafuta ya taa inakohoa kumshinda Urpo.
Volvo imeng'olewa moyo, imebaki na macho yake ya mraba
ikitazama ukuta.

Mimi ni mpeleka barua. Mshahara wangu unazijua njia zake:
kodi, umeme, viatu vya mtoto, na kinachobaki
hukaa kiganjani bila kufumba vidole.
Kwa hiyo pistoni za kufuliwa, zinazong'aa kwenye katalogi
kama meno ya tajiri, nimezipa kisogo.
Nabaki na za zamani, za kusubu.
Petroli, wembe wa kukwangua masizi, mswaki wa mwaka jana.

Ila konrodi sikuzisamehe.
Za kiwandani, nyembamba kama shingo ya korongo,
zilitosha kumpeleka mama dukani na kumrudisha;
hewa ikija kwa kusukumwa, zitakunjika.
Nene nilizipata kwa Ahti wa skrepa,
katika gari lililogongana na kulungu wa theluji:
euro themanini, na sharti nizifungue mwenyewe,
chali barafuni, spana ikinata na ngozi.

Tukazipima kwenye mizani ya jikoni.
Tatu ni ndugu. Ya nne imezidi gramu kumi na moja,
vipande vinne vya sukari, si kitu mfukoni;
vizungushe mara elfu sita kwa dakika, uone nyundo.
Jioni tatu niliila kwa tupa,
nikipuliza vumbi, nikipima, nikirudia tupa.

Ringi nimeziachia pengo pana kuliko kitabu kisemavyo,
maana chuma kikipata joto hutafuta nafasi,
na kikiikosa hujitafutia.

Urpo alichonga vyuma miaka arobaini
kwa ajili ya meli za kuvunja barafu. Haongei bure.
Analaza uzi wa nta juu ya krenki, anabana beringi, anafungua:
uzi umelala bapa, na ubapa wake ndio habari.
"Tano za mia za milimita," anasema. "Oili itapita."
Kwake hiyo ni hotuba ya harusi.

Kisha Venla, miaka kumi na mmoja, mshika tochi,
karani wa bajeti kwenye daftari la shule:
"Mama, kofia hii ina namba tatu. Konrodi yake ina mbili."

Hata hita iliacha kukohoa.
Nilikuwa nimeshakaza. Spana ilishasema tiki.
Ningejua lini? Njiani kwenda Tornio,
konrodi ikichungulia nje kupitia ubavu wa bloku.
Urpo akavua kofia yake, ile ya sufu, chakavu,
akamvika mtoto mpaka kwenye nyusi.
Nikafungua zote. Nikaanza upya.

Watu huona vyaelea. Majira ya joto watasikia mluzi
taa zikigeuka kijani, watashtuka,
wataona kigari cha wastaafu kikiondoka na heshima zao,
na hakuna atakayeulizia kofia namba mbili.

Leo hakuna mluzi. Kuna krenki
inayozunguka kwa kidole kimoja, nzito, laini,
kama mtu anayejigeuza usingizini.
Venla anajumlisha: euro mia nne na kumi na mbili, senti sitini.
"Kahawa ya Urpo sikuiandika," anasema.
"Ingevunja bajeti."